Ketamini, hii mnayoiita "dawa ya farasi": 13 walitoka hai ndani ya maji, mmoja kazama kwenye bafu la kwake

Mlinda_Pumzi (#1)

Wakuu, habari za humu.

Shemeji yangu kanitumia video inayozunguka WhatsApp, jamaa anapiga kelele kuhusu "dawa ya farasi inayoua mastaa wa Marekani". Chini yake shemeji kaandika: "Hii si ndiyo mliyomchoma Junia alipovunjika mkono?" Ndiyo, shemeji, ni hiyo hiyo. Nimemweleza kwenye simu nusu saa nzima, hakuelewa, salio likakata. Basi nimeona nianzishe uzi.

Mimi ni muuguzi wa usingizi, hospitali ya wilaya, huu mwaka wa 11. Ketamini naishika karibu kila zamu. Wapo wanaosema ni salama kuliko dawa zote za usingizi, wapo wanaosema ni sumu, na ajabu ni kwamba wote wana sababu.

Nianze na Junia mwenyewe, mtoto wa huyo shemeji. Miaka 7, kaanguka kwenye mwembe, mkono umepinda vibaya. Kuuvuta urudi mahali pake mtoto akiwa macho ni ukatili. Tukampa ketamini ya mshipa, polepole, kama dakika nzima. Kilio kikakatika katikati ya neno. Lakini macho yalibaki wazi, yanacheza kushoto na kulia taratibu kama ya mtu anayetazama mpira wa upande wa pili wa uwanja. Anapumua mwenyewe, mate yanamtoka kidogo. Daktari akavuta, mfupa ukalia "kwa!", mtoto hata kope hakupepesa. Mama yake alikuwa anachungulia mlangoni. Akapiga yowe: mwanangu kafa macho wazi!

Hajafa, na si usingizi mliouzoea. Nusu kaputi ya kawaida, ya propofoli (dawa ya kuchoma kwenye mshipa) au ya gesi, inazima taa za nyumba nzima, hadi ile ya kupumua, ndiyo maana lazima mtu akupumulie. Ketamini inaacha taa zinawaka ila inakata waya kati ya chumba na chumba. Sikio linasikia, ngozi inaguswa, kisu kinapita, lakini habari hazimfikii mwenyewe. Wataalamu wanauita usingizi wa kujitenga.

Inafanyaje? Seli za ubongo zinapashana habari kwa kemikali, na ile kubwa ya kuchochea inaitwa glutameti. Ikigonga kipokezi kinachoitwa NMDA, katikati ya kipokezi panafunguka tundu na kalisi (kalsiamu) inapita. Ketamini inaingia ndani ya tundu likiwa wazi na kukaa humo kama kizibo. Vipokezi hivyo viko kwenye njia za maumivu ndani ya uti wa mgongo, viko kwenye kumbukumbu, viko kwenye sehemu zinazounganisha unachoona na unachosikia na kukufanya ujue kwamba huyu ni mimi na huu ni mkono wangu. Ziba vya kutosha, na mtu anakaa nje ya mwili wake.

Huku juu ubongo umetengwa, huku chini mwili unakurupuka: mapigo yanapanda, presha inapanda, njia za hewa zinatanuka. Ndiyo maana ajali ya bodaboda iliyomwaga damu nyingi, au mgonjwa wa pumu, mkono wangu unaenda kwenye ketamini kwanza.

Kuamka ni dakika 10 hadi 20 kwa dozi moja ya mshipa, na hapa wengi hudanganyika. Kinachomwamsha mgonjwa si kuisha kwa dawa. Ketamini inapenda mafuta. Inakimbilia ubongoni mwanzo kwa kuwa damu nyingi huenda huko, kisha inatawanyika kwenye misuli na mafuta ya mwili. Imehama tu. Ini linabaki na kazi ya kuivunja kwa saa kadhaa, na moja ya mabaki yake, noketamini, lina nguvu kidogo bado. Kwa hiyo mtu aliyeamka, kakujibu salamu na kuomba maji, asipande pikipiki siku hiyo.

Historia sitaivuta. Aliitengeneza mkemia Calvin Stevens mwaka 1962 kwa ajili ya kampuni ya Parke-Davis ya Detroit, wakitafuta mbadala wa fensaiklidini, dawa iliyolaza watu vizuri na kuwaamsha wakiwa vichaa kwa saa nyingi. Agosti 1964 madaktari Edward Domino na Guenter Corssen wakaanza kuijaribu kwa wafungwa wa Jackson, Michigan (leo ukipeleka ombi hilo kwenye kamati ya maadili utafukuzwa na viti). Marekani iliiruhusu 1970, ikaenda na wanajeshi hadi Vietnam. Tangu 1985 imo kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu. Na ndiyo, madaktari wa mifugo wanaitumia kwa farasi na paka. Penisilini nayo anachomwa ng'ombe, mbona hatuiiti dawa ya ng'ombe?

Sasa maji.

Julai 2018, Thailand, pango la Tham Luang. Watoto 12 wa timu ya mpira na kocha wao wamekwama ndani, njia ya kutokea imejaa maji ya tope. Mtoto asiyejua kuzamia akishtuka humo chini anajiua na kumuua anayemwokoa. Daktari wa usingizi kutoka Australia, Richard Harris, akazamia hadi walipo. Kila mmoja akapewa kidonge cha alprazolamu cha kutuliza, atropini ya kukausha mate, na ketamini ya msuli kwenye paja. Wakavishwa barakoa za uso mzima zenye hewa, mikono ikafungwa nyuma wasije wakazinduka na kuzing'oa. Kila mtoto akashikwa na mzamiaji wake. Harris aliwafundisha wazamiaji kuongeza sindano njiani, maana safari ni ya saa nyingi kuliko dawa. Wote 13 walitoka hai.

Oktoba 28, 2023, Los Angeles. Mwigizaji Matthew Perry, miaka 54, kakutwa hajitambui kwenye bafu la maji ya moto nyumbani kwake. Uchunguzi ulisema: athari kali za ketamini, vilivyochangia ni kuzama maji, ugonjwa wa mishipa ya moyo na dawa nyingine, buprenofini. Kiwango kilichokutwa mwilini kilikuwa cha mtu anayepasuliwa.

Dawa ile ile na maji yale yale. Ukiniuliza ketamini ni salama kiasi gani, nitakuuliza kwanza: nani amekaa pembeni yako?

Kiroba_cha_Mbagala (#2)

Mkuu umeandika gazeti zima. Fupisha. Inaua au haiui?

Mlinda_Pumzi (#3)

@Kiroba_cha_Mbagala haya. Kwa dozi ya hospitali, mgonjwa mwenye tumbo tupu na mtu anayemwangalia: nadra sana. Lakini msiniwekee mdomoni kwamba "haizuii pumzi". Ukiisukuma kwa haraka kwenye mshipa, mgonjwa anaweza kuacha kupumua kwa muda. Ukiichanganya na pombe, vidonge vya usingizi au dawa za jamii ya mofini, ndiyo zaidi. Mate yakijaa kooni kwa mtoto, koo linaweza kujibana likafunga hewa kabisa. Nimeliona mara 2, na sihitaji kuliona mara ya 3. Kwa hiyo hata sindano ya dakika 10 siichomi bila oksijeni, saksheni ya kunyonya mate, ambu ya kupumulia na kile kidude cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni.

Mfano wa kukosa mtu pembeni si lazima uwe bafuni. Aurora, Colorado, Marekani, Agosti 2019: polisi walimkamata kijana wa miaka 23, Elijah McClain, wakamkaba hadi chini. Wahudumu wa ambulansi wakamchoma ketamini miligramu 500 za msuli akiwa kashikiliwa. Walimkadiria kwa macho kuwa na kilo kama 90. Alikuwa na 65 hivi. Moyo ukasimama, akafa siku chache baadaye. Desemba 2023 wahudumu wote 2 walitiwa hatiani. Miligramu 500 ni kichupa kizima cha kile tunachotumia sisi, mililita 10. Hebu fikiria kichupa kizima kwa makadirio ya macho.

MamaWawili (#4)

Mtoa mada, ngoja niseme, maana miaka 9 nimekaa na hili.

Mtoto wangu wa kwanza nilipasuliwa kwa dharura, damu ilikuwa inatoka nyingi. Nikaambiwa muda wa sindano ya mgongo hakuna. Nilichokumbuka ni dari. Dari ikaanza kushuka, halafu nikaona mimi ndiye dari, na chini pale kuna mwanamke amelala anafanyiwa kitu, nikamwonea huruma wala sikumjua. Rangi ambazo sijawahi kuziona. Nikapita sehemu nyembamba kama mrija, nikasikia sauti ya marehemu bibi yangu. Nilipoamka nilipiga kelele hadi wodi nzima ikaamka, nilikuwa nampiga nesi.

Mama mkwe akasema nimeingiliwa. Nikapelekwa kuombewa mara 3. Hakuna aliyewahi kunieleza kwamba ni dawa. Leo ndiyo nasoma hapa.

Mlinda_Pumzi (#5)

Dada yangu, pole sana, na samahani kwa niaba ya sisi tunaochoma na kunyamaza.

Hukuingiliwa. Maelezo ya watengenezaji wenyewe yanataja kuweweseka wakati wa kuamka kwa kama wagonjwa 12 kati ya 100, watu wazima zaidi ya watoto. Kujiona kutoka juu, mrija, rangi, sauti ya mtu aliyetangulia: ungekaa na mimi wiki moja chumba cha kuamkia ungesikia hayo hayo kwa lafudhi tofauti. Ubongo umekatiwa habari za nje, unajitungia za kwake.

Kinachosaidia tunakijua. Diazepamu au midazolamu kidogo. Chumba kitulie, mgonjwa asitikiswe wala kupigwapigwa mashavu "mama amka, mama amka!" Na kabla ya sindano, kumwambia. Mimi nina kibwagizo changu: "Utaona vitu vya ajabu kidogo, ni dawa, vitapita, mimi nipo hapa. Haya niambie, nyumbani kwenu kuna miti gani?" Analala anahesabu michungwa. Wanavyolala ndivyo wanavyoamka, hilo sijalitoa kitabuni peke yake.

Ila mtu mwenye ugonjwa wa akili wa kusikia sauti, tunamkwepeshea dawa hii kadiri tuwezavyo.

Jaduong_wa_Ziwa (#6)

Wadau, salamu kutoka Kisumu. Mimi ni klinikal ofisa.

Huku magharibi mwa Kenya kulianzishwa mafunzo ya ketamini kwa wahudumu ambao si wataalamu wa usingizi, kwa ajili ya upasuaji wa dharura wakati mtaalamu hayupo. Mradi ulitoka Hospitali Kuu ya Massachusetts, ulianza 2013. Kulikuwa na mabishano, wengine wakisema mnawapa watu wasiosomea kazi ya wenyewe. Mimi nauliza tu: saa nane usiku, stima zimepotea, mama anavuja damu, na mtaalamu yuko mbali barabara imekatika kwa mvua. Mashine ya gesi bila stima ni sanduku. Ketamini inataka sindano na mtu makini.

Lakini mtoa mada hujagusa kifafa cha mimba. Presha ya 180 halafu umwongezee dawa inayopandisha presha?

Mlinda_Pumzi (#7)

@Jaduong_wa_Ziwa umenishika. Hapo ndipo ile sifa inageuka. Kifafa cha mimba, presha isiyodhibitiwa, moyo mbovu, aliyewahi kupata kiharusi: kile kinachomwokoa aliyepoteza damu kinaweza kumpasulia huyu mshipa kichwani. Tunatafuta njia nyingine. Na kuna kinyume chake ambacho hakisemwi sana: mgonjwa aliyeumwa siku nyingi hadi mwili umechoka kabisa hana tena akiba ya kukurupuka, ukimpa ketamini presha inaweza kushuka badala ya kupanda.

Binti_Pangani_UK (#8)

Niko Leicester. Niwaambie upande wa pili, maana nyie mnaiona kwenye chumba cha upasuaji, huku tunaiona mitaani. Wenyewe wanaiita "ket", unga mweupe wa kunusa, na vijana wanaiona nyepesi kwa sababu ni rahisi na asubuhi mtu anaenda kazini.

Kuna mtoto wa rafiki yangu, miaka 22. Tulisafiri naye kwenda harusi London, mwendo wa saa 2 na nusu. Tulisimama mara 7. Mara ya mwisho hakukuwa na kituo, alijikojolea kwenye chupa kiti cha nyuma huku analia mbele ya mama yake, na mkojo ulikuwa na rangi ya chai ya rangi yenye damu. Zahanati walikuwa wameshampa antibayotiki mara 4 wakidhani ni UTI. Hakuna aliyemuuliza anatumia nini, naye hakusema.

Mlinda_Pumzi (#9)

Dada wa Pangani, hicho ndicho kitu ambacho shuleni sikufundishwa hata mstari mmoja, kwa sababu dozi moja ya hospitali haikifanyi. Kibofu cha ketamini kilielezwa kwa mara ya kwanza na madaktari wa Toronto na wa Hong Kong mwaka 2007, kwa watumiaji wa kila siku.

Dawa na mabaki yake hutoka kwa mkojo, na mkojo hukaa kibofuni. Ukuta wa ndani wa kibofu unaungua taratibu, unavimba, unatoka vidonda, mwisho unakakamaa na kusinyaa. Kibofu cha kubeba karibu nusu lita kinabaki cha kubeba vijiko. Ndiyo maana ya zile mara 7. Maumivu yakizidi, mtumiaji anajituliza kwa nini? Kwa ketamini, maana ni dawa ya maumivu. Unaona mtego ulivyo. Ikiendelea, mkojo unarudi nyuma na figo zinaharibika. Mirija ya nyongo nayo huathirika, wanapata maumivu makali ya tumbo la juu. Antibayotiki hazifanyi kitu kwa sababu hakuna mdudu.

Akiacha mapema, wengi hupata nafuu. Akichelewa, kuna wanaoishia kukatwa kibofu na kutengenezewa kingine kwa utumbo. Mwambie rafiki yako amtafute daktari wa njia ya mkojo na waseme ukweli wote siku hiyo hiyo, neno ketamini litoke mdomoni.

Kiroba_cha_Mbagala (#10)

Sawa, lakini mbona nasikia wazungu wanatibia nayo sonona? Huku unasema inaharibu akili, huku inatibu akili. Chagueni moja.

Mlinda_Pumzi (#11)

Swali zuri, leo umeamka vizuri.

Ni kweli. Dawa za kawaida za sonona huchukua wiki kadhaa. Ketamini kwa dozi ndogo humwinua mgonjwa ndani ya saa au siku, ingawa kwa wengi hali hurudi baada ya siku chache au wiki. Mwaka 2019 Marekani iliruhusu esketamini, yaani nusu moja ya ketamini (molekuli zake zipo za aina mbili, kama mkono wa kulia na wa kushoto), ya kupulizia puani, kwa sonona iliyokataa dawa nyingine. Soma masharti yake: hupewi uende nayo nyumbani. Unapuliza kliniki, unakaa unaangaliwa kwa saa 2 angalau, na huendeshi gari hadi kesho yake.

Perry naye alikuwa na tiba ya aina hiyo. Sindano ya kliniki ilikuwa zaidi ya wiki moja nyuma, mwilini ilishaisha. Iliyomkuta ni ya pembeni, nje ya kliniki. Mwaka 2024 walishtakiwa watu 5, madaktari 2 na msaidizi wake wa nyumbani wakiwemo.

Mfamasia_Mstaafu (#12)

Nimefuatilia kimya kimya. Niongeze la sheria kwa sababu lilikaribia kutuumiza.

China, ambako ketamini ya mitaani ilikuwa janga, iliomba Umoja wa Mataifa uiweke dawa hii chini ya udhibiti wa kimataifa. Ilijadiliwa Vienna, Machi 2015. WHO ilipinga, hoja ikiwa kwamba nchi ambazo hazina dawa nyingine ya usingizi zingeikosa. Mnakumbuka mofini? Iko kwenye udhibiti huo, na wagonjwa wetu wa saratani walivyohangaika kuipata nadhani kila mwenye ndugu aliyeugua anajua. Uamuzi ukaahirishwa. Nchi moja moja zina sheria zake: Uingereza iliipandisha hadi daraja la B la dawa zinazodhibitiwa mwaka 2014, Marekani iliidhibiti tangu 1999. Kwa hiyo Binti Pangani, sheria kali unazo huko, na unga bado upo.

Na Mlinda_Pumzi, sema la vichupa. Wewe utakuwa unalijua.

Mlinda_Pumzi (#13)

Mzee wangu, shikamoo. Nilikuwa nalikwepa, lakini haya.

Ketamini huja kwa nguvu tofauti: mililita moja ina miligramu 10, au 50, au 100. Hospitali niliyofanyia kazi zamani tulizoea ya 10 kwa watoto. Siku moja bohari ikaleta ya 50, kichupa kinafanana, maandishi madogo. Mtoto wa kilo 12, ameungua uji. Mwenzangu kavuta mililita zile zile za siku zote, mkono unakwenda wenyewe, tumechoka, ni saa kumi alfajiri. Nilikuwa nimeshashika kanula. Sijui nini kilinifanya nigeuze kichupa nisome. Mara 5 ya dozi ilikuwa kwenye bomba la sindano.

Nilikaa kwenye ndoo ya taka iliyofunikwa, miguu imeisha nguvu. Tukamwaga, tukavuta upya. Tangu siku hiyo sichomi kabla mtu wa pili hajasoma kichupa kwa sauti, hata kama ni mfagiaji anayejua kusoma.

Baba_Junia (#14)

Mimi ndiye shemeji mwenyewe. Nimesoma yote, ahsante, video nimeifuta. Sasa Alhamisi nafanyiwa ngiri hapo kwenu na presha yangu unaijua. Mtanichoma hiyo?

Mlinda_Pumzi (#15)

Wewe shemeji utapata sindano ya mgongo, ketamini hutaiona. Njoo na kadi ya presha na vidonge vyako vyote kwenye mfuko mmoja, pamoja na ile mitishamba usiyomwambia dada. Chakula mwisho saa sita usiku.

Baba_Junia (#16)

Na chai?

Mlinda_Pumzi (#17)

Ya rangi, bila maziwa, mwisho saa 2 kabla ya kuingia. Na chapati usijaribu, nitakunusa.